MREJESHO: Nilipolala baada ya Kitonga

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza: nikitoka Mikumi kwa baiskeli kwenda Iringa na giza likinikuta njiani, nisimike hema wapi? Wengi mlisema niishie Ruaha Mbuyuni, nisiiguse milima ya Kitonga jioni. Sikusikia. Ilikuwa saa tisa alasiri, nikaona bado mapema.

Nilipanda kwa gia ndogo kabisa, miguu ikagoma, nikashuka kusukuma. Malori yanayopanda yanatambaa, yanakupita karibu hadi joto la injini unalisikia shavuni. Yanayoshuka yananuka breki. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Pa kuegesha baiskeli tu hapaonekani, sembuse hema. Hapo ndipo tairi la nyuma likapata pancha. Nilibandika kiraka kwa tochi ya simu, solusheni haishiki kwa sababu jasho lilikuwa likidondokea tyubu. Mara ya tatu ikakubali.

Saa mbili usiku nikafika juu. Hapo nikafuata ushauri wenu mwingine, sikujificha porini. Niliulizia kwa mwenyekiti wa kijiji. Mzee aliitikia shikamoo yangu, akatazama kitambulisho, akanionyesha uwanja nyuma ya nyumba yake. Mama akaleta ndoo ya maji ya moto. Machozi yalinitoka.

Anayepanga njia hii: lala Ruaha Mbuyuni, wanakolima vitunguu, uanze Kitonga saa kumi na mbili asubuhi. Na aliyenitajia mwenyekiti, asante sana ndugu yangu.