Bonasi ya kusaini NFL: Denver walikuwa wanamlipa nini Russell Wilson?

Mbagala_Aurora: Wakuu, naombeni darasa. Niko Aurora, Colorado, na kazini nimezungukwa na mashabiki wa Denver Broncos, timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Mmoja bado anavaa jezi namba 3 ya mchezaji wao wa zamani Russell Wilson, jina mgongoni kaliziba kwa plasta. Anadai jamaa alitemwa Machi 2024, akaenda timu ya Steelers, lakini mwaka 2025 Denver bado walikuwa na dola milioni 32 zake kwenye hesabu. Nyumbani mchezaji akishachukua pesa ya usajili, imetoka hiyo. Huku walikuwa wanamtumia hela ya nini mtu wa timu nyingine?

Karani Mstaafu: Mwaka huo hakutumiwa hata senti mkuu, hizo 32 alishakula zamani. Kuna daftari mbili. Moja ni la hela inayotoka benki. La pili ni la kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuizidi kwa mwaka, ambacho 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu. Mshahara wa kawaida unaandikwa kote kuwili mwaka uleule. Bonasi ya kusaini mchezaji anaipata mapema, ila kwenye kikomo inagawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano.

Chukua kalamu. Septemba 2022 Wilson aliongeza mkataba, bonasi milioni 50: kila mwaka 10. Mwaka 2023 akapata bonasi nyingine ya 20, inayohesabiwa vilevile: kila mwaka 4. Anatemwa, ya kwanza imebaki 30, ya pili 16. Jumla 46. Ukimtema mchezaji, mabaki yote yanakuangukia. Ongeza malipo ya 2024 waliyokwisha kumdhamini, milioni 39, unapata 85. Denver wakatumia kanuni ya Juni 1, inayokuruhusu kusukuma sehemu ya mabaki mwaka unaofuata. Kwa hiyo 2024: 39 + 10 + 4 = 53. Zinazobaki ndizo 32 za huyo rafiki yako mwenye plasta.

Hela halisi waliyompa akiwa hayupo ni ile milioni 39 ya 2024 tu, na humo Steelers walichangia kima cha chini, milioni 1.21.

Mbagala_Aurora: Duh! Sasa si bora wangempa mshahara tu?

Karani Mstaafu: Nafasi ya kusajili wengine mwaka uleule chini ya kikomo wangeitoa wapi? Na mchezaji naye anaitaka bonasi, maana mishahara mingi ya NFL haina dhamana. Ukitemwa mapema, mshahara uliobaki huupati. Wajanja wanaongeza hata miaka hewa mwishoni mwa mkataba, miaka ambayo hakuna atakayecheza, ili bonasi igawanywe kwa miaka mingi zaidi. Tampa Bay 2023 walibeba milioni 35 na ushee za Tom Brady, na mwenyewe ameshastaafu. Mimi naona ni kukopa tu, ila viongozi wa timu hawapendi kuambiwa hivyo.

dada_wa_takwimu: Kaka Karani, umeruka suala la mchezaji akistaafu mapema. Hapo klabu ina haki ya kudai sehemu ya bonasi ambayo hajaifanyia kazi. Calvin Johnson alipoacha mpira 2016, Lions walimrudishisha zaidi ya milioni 1, na aliwanunia miaka mingi. Andrew Luck alistaafu Agosti 2019, msimu unakaribia kuanza, na Colts hawakumdai kitu.