MJADALA: Data za mitandao ya kijamii zisomwe kwa SQL kama jedwali la kawaida?

MchambuziTanga:
Wakuu, salaam. Kazini nakusanya maoni ya wateja kutoka X (zamani Twitter) na ukurasa wetu wa Facebook, yaingie kwenye ripoti ya kila Jumatatu. Natumia draiva ya JDBC (programu ya kuunganisha na hifadhidata) inayouonyesha mtandao kama hifadhidata: naandika SELECT, amri ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), napata jedwali, kazi imeisha. Mwenzangu anasema ni njia ya mkato, nijifunze API yenyewe, yaani mlango ambao mtandao unazipa programu nyingine kuchukua data. Ubaya uko wapi?

Kipanga07:
Upo. Nyuma ya hiyo SELECT hakuna hifadhidata, kuna maombi ya HTTP yanayotumwa kwa seva za mtandao huo. Ukiweka WHERE (sharti la kuchuja) kwenye safu ambayo API haiwezi kuchuja, draiva inavuta kila kitu kisha inachujia kwenye mashine yako. Ukiweka JOIN (kuunganisha majedwali mawili) ndiyo balaa, inavuta pande zote mbili ukurasa kwa ukurasa. Kiwango cha maombi kinaisha, unarudishiwa 429 (kosa la kuzidisha maombi), na bosi anasubiri ripoti. Halafu niseme ukweli: asiyeweza kusoma JSON, muundo ambao API hurudishia data, asijiite mtu wa programu.

MchambuziTanga:
Nimejiita hivyo wapi, mkuu? Mimi ni mhasibu niliyehamia uchambuzi. SQL imenilisha miaka tisa na kusomesha watoto. Leo napimwa kwa JSON?

MamaSeva:
Kaka, usimjali huyo. Facebook wenyewe walikuwa na FQL, lugha ya kuuliza data zao kwa mtindo wa SQL. Kama SQL ni ya wasiojua, mbona waliitengeneza?

Kipanga07:
Na mbona waliifuta? Iliondoka 2016, kisha YQL ya Yahoo, lugha ya aina hiyohiyo, ikafuata mwanzoni mwa 2019. Jibu hilo, dada.

MamaSeva:
Kufutwa kwake hakuwafanyi walioitumia kuwa vilaza. Muombe radhi mwenzako kwanza, ndipo tuongee ya 2016.

MtafitiMdogo:
Mnagombea ufunguo na mlango umeshafungwa. Februari 2023 Twitter walitangaza mwisho wa API ya bure. Mwaka huohuo kiingilio cha kulipia kikawa dola 100 kwa mwezi, na kusoma tweeti 10,000 tu. Njia ya watafiti wa vyuo ikakatwa. CrowdTangle ya Meta (wenye Facebook), zana ya kufuatilia machapisho, nayo ikazimwa Agosti 2024. Draiva haiwezi kukupa ruhusa ambayo tokeni yako (ufunguo wa kuingilia API) haina.

Kisiki_cha_Mpingo:
Watafiti mlizoea vya bure. Seva zinakula umeme.

MtafitiMdogo:
Vya bure? Wanaoandika humo ni watu wa Mwanza na Mombasa, nani aliwalipa? Neno la mwananchi linauzwa kwa dola, halafu mimi ndiye naonekana ombaomba!

Wakili_Mtarajiwa:
Basi nalo si lako, mtafiti. Mmeisahau Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa iliyopata data za watu wa Facebook kupitia programu ya maswali? Waliojibu maswali ya ile programu walikuwa wachache, lakini data za marafiki zao zikazolewa pia, na 2018 Facebook ikataja hadi watu milioni 87. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022. Mleta mada, SELECT * (leta safu zote) inakuletea na majina ya watu. Unayaweka wapi?

MchambuziTanga:
Kwenye Excel, folda ya pamoja ya ofisi. Majina yamo, hata ya waliolalamika kuhusu madeni yao. Kusema kweli, hili limenishtua kuliko 429. Nayaondoa leo.

Kipanga07:
Taja safu unazozihitaji tu, weka na tarehe ya kuanzia. Usiku vuta mara moja, hifadhi kwenye PostgreSQL, hifadhidata ya kweli, ripoti isome humo, hapo hata JOIN zitakwenda vizuri. Ukifanya hivyo, draiva sina ugomvi nayo. Ila la JSON sirudi nyuma.

MamaSeva:
Na radhi?