Nguruwe akikutwa na tegu, mfugaji alipwe fidia?

Mleta mada:
Kila tukijadili minyoo tegu ya nguruwe, kuna wanaotaka ukali uongezwe: mzoga wenye vifuko vya minyoo uteketezwe, mwenye nguruwe apigwe faini. Napinga. Alipwe, hata kama ni nusu ya bei.

Huko Mbozi au Mbulu mnunuzi hangoji mkaguzi. Nguruwe analazwa chini, anatiwa kijiti mdomoni, ulimi unavutwa na kupapaswa. Vikiguswa vifuko, bei inashuka au mnunuzi anaondoka. Sasa mtu aliyetegemea nguruwe huyo kwa ada ya Januari ampeleke machinjioni akanyang'anywe? Atamchinja usiku nyuma ya nyumba, na nyama italiwa.

Na nguruwe huyo mayai ya tegu aliyala wapi? Kwenye kinyesi cha binadamu. Mtu akila nyama yenye vifuko isiyoiva, tegu anakua tumboni mwake na mayai yanatoka kwa haja kubwa. Mayai hayohayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa vizuri, vifuko vinaweza kujijenga kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye tegu huyu, asilimia 30 ya kifafa inatokana naye. Mwislamu au Msabato asiyewahi kuonja kitimoto anaanguka kifafa kwa sababu kijijini hakuna vyoo, kisha anaambiwa karogwa. Hili linaniuma sana.

Daktari wa mifugo:
Ukilipa fidia, nani atajenga banda? Watawaachia wazurure wakijua serikali itanunua. Fedha hizo zinunue oksifendazoli: dozi moja inaua vifuko vilivyo kwenye misuli ya nguruwe.

Mleta mada:
Dawa naikubali, ila mwenye tegu tumboni asipotibiwa naye, nguruwe wa msimu ujao wataambukizwa upya. Kuhusu banda, fidia ya kwanza apewe yeyote. Ya pili, mwenye banda tu.

Mfugaji:
Banda ninalo. Mahindi yakiwa shambani nawafungia, wasiharibu mazao. Baada ya mavuno nawafungulia kwa sababu pumba ni ghali, na wakizurura wanajilisha wenyewe. Mtu wa kuniambia niwafungie mwaka mzima aanze na bei ya pumba. Nikilipwa hiyo nusu, nguruwe nitampeleka kwa mkaguzi mchana kweupe. Bila malipo, simpeleki.