Bima ya muda mfupi kwa gari la pili: Noah inayotoka Desemba na Pasaka tu

Kibo_Tabata

Wakuu habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaoelewa bima za magari.

Nina magari mawili, yote ya matumizi binafsi. IST ndiyo ya kila siku hapa Dar na ina bima kubwa, ile inayolipa hadi madhara ya gari langu mwenyewe. La pili ni Noah, limepaki nyumbani ndani ya geti. Linatoka Desemba kwenda Rombo kama wiki tatu, halafu tena Pasaka. Kwa bei ya soko linafika milioni 14. Bima yake imeisha.

Naona kulipia mwaka mzima gari linalotembea wiki tano ni kutupa hela. Je, kuna bima ya mwezi mmoja mmoja kwa gari lenye namba za hapa nchini? Kama ipo, inahesabiwaje? Na wanaouza bima ndogo (ile inayolipa madhara kwa watu wengine tu) kwa elfu 60 mtandaoni, ni kweli?

njia_panda

Hiyo ya elfu 60 achana nayo kabisa mkuu. Bima ndogo ya gari binafsi ni 100,000 ukijumlisha VAT ya 18% inakuwa 118,000. Hicho ni kima cha chini kilichowekwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa hiyo hakuna kampuni halali inayoruhusiwa kushuka chini yake. Anayekuuzia kwa elfu 60 ama anakupa karatasi isiyo kwenye mfumo, ama ameliandikisha gari lako kama pikipiki, maana pikipiki ndiyo inayoangukia kwenye 59,000. Siku ya ajali ndipo utakapojua kwamba namba ya gari na aina ya chombo havilingani.

Wakala_Kaskazini

Nikujibu kwa mpangilio wa pesa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Ukigawa 118,000 kwa miezi 12 unapata chini ya elfu 10 kwa mwezi. Kuhangaika kutafuta bima ndogo ya mwezi mmoja kwa gari binafsi hakuna faida. Lipa ya mwaka uachane nayo. Halafu gari lililopaki nalo huwa linatoka kidogo kidogo: linapelekwa kuoshwa, kujazwa upepo, kijana analisogeza barabarani kupisha lori la mchanga. Likimgonga mtu hapo, faini ya trafiki ya elfu 30 ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Matibabu na fidia vinakujia wewe mwenyewe.

Muda mfupi unaanza kuwa na maana kwenye bima kubwa. Kiwango cha gari binafsi ni 3.5% ya thamani. Kwa Noah yako:

14,000,000 × 3.5% = 490,000
VAT 18% = 88,200
Jumla kwa mwaka = 578,200

Sasa usidhani mwezi mmoja ni 578,200 gawanya kwa 12. Kampuni zinatumia jedwali la muda mfupi, na mwezi wa kwanza ndio ghali kuliko yote. Tuseme jedwali la kampuni yako linasema mwezi mmoja ni 25% ya mwaka. Hapo ni 122,500 na VAT 22,050, jumla 144,550. Ukichukua mara mbili, Desemba na Pasaka, umeshafika 289,100, nusu ya mwaka mzima. Na kadiri miezi inavyoongezeka asilimia inapanda, hadi mahali ambapo unatozwa mwaka mzima kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo ukipiga simu uliza mambo matatu. Mnakubali bima kubwa ya muda mfupi kwa gari binafsi? (Wengine hawataki kabisa.) Asilimia yenu ya mwezi mmoja ni ngapi? Na je, kima cha chini cha ada ya bima kubwa kinabaki palepale hata kwa mwezi mmoja? Hili la tatu usilisahau. Kampuni ikishikilia kima cha chini, hesabu yote niliyoandika hapo juu inavunjika, na hujaokoa kitu.

Kibo_Tabata

Asante sana mkuu. Je, nikikata bima kubwa ya mwaka halafu nikaisitisha Januari baada ya kurudi, si watanirudishia miezi 11?

Wakala_Kaskazini

Hapana. Soma kipengele cha usitishaji kwenye mkataba. Kampuni ikisitisha yenyewe, inarudisha kwa hesabu ya siku zilizobaki. Mteja akisitisha, kampuni inakata kwa jedwali lile lile la muda mfupi kisha inarudisha kinachobaki. Na kama umeshadai chochote katika kipindi hicho, hurudishiwi hata senti. Mwisho wa siku unalipa sawa na aliyechukua mwezi mmoja tangu mwanzo, ila wewe pesa yako yote ilitoka mfukoni kwanza na unasubiri marejesho.

Kilicho bora zaidi kwa gari la aina yako: kata bima ndogo ya mwaka sasa, kisha wiki moja kabla ya safari omba kampuni hiyo hiyo iipandishe kuwa bima kubwa kwa kuongeza ada. Usiende kampuni nyingine kukata ya pili wakati ya kwanza bado iko hai. Taarifa zote zinaingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA wa kuhakiki bima, na gari moja kuwa na bima mbili kwa wakati mmoja kunaleta mvutano wakati wa dai, kila kampuni ikimsukumia mwenzake.

dada_wa_madai

Naongezea kuhusu hatari yenyewe, maana mnazungumzia barabara tu. Gari linalolala miezi kumi hatari yake kubwa ni wizi na moto. Vifaa vinaibiwa, waya unaliwa na panya unaleta shoti. Bima ndogo hailipi hata kimoja. Ile ya mwezi mmoja ya Desemba nayo inakuwa imeshakwisha.

Ulizia bima ndogo yenye nyongeza ya moto na wizi. Ukipewa kiwango cha 2%, kwa milioni 14 ni 280,000, na VAT 50,400, jumla 330,400 kwa mwaka. Linganisha na ile 289,100 ya vipindi viwili vya mwezi, ambayo kumbuka bado inahitaji bima ndogo ya kushika miezi mingine. Tofauti yake: ukiligonga mwenyewe huko Same, matengenezo ya bodi ni juu yako. Kama dereva ni mzoefu na mnasafiri mchana, mimi ningechagua hii.

Kabla ya kulipa tafuta sehemu inayosema ekses, yaani kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Ikiandikwa 10% ya dai, kima cha chini 500,000, basi taa na bampa vya 450,000 ni vyako vyote. Bima kubwa rahisi yenye ekses kubwa haifai kwa michubuko ya kawaida.

Na thamani usiishushe ili ada ipungue. Gari likiisha kabisa, kampuni hailipi zaidi ya ulichoandika. Wala usiipandishe, kwa sababu watalipa bei ya soko kama ni ndogo kuliko uliyoandika, na ada ya ziada umeshaitoa.

fundi_bodi

Kwa bima kubwa lazima gari likaguliwe. Noah lililokaa muda mrefu lioshe kwanza, lichaji betri, liwake. Mkaguzi anapiga picha pande nne, dashibodi yenye kilomita, namba ya chesesi, kioo cha mbele na matairi. Kovu lolote la zamani litaandikwa, na hilo halitalipwa baadaye, hivyo na wewe piga picha zako siku hiyo hiyo. Kioo kikiwa na ufa kibadilishe kabla.

Angalia pia matairi kwa tarehe ya kutengenezwa, ile namba ya tarakimu nne ubavuni: wiki na mwaka. 1218 maana yake wiki ya 12 ya 2018. Tairi linaweza kuwa na kashata (meno) nzuri lakini mpira umekauka kwa kusimama. Likipasuka njiani kampuni ina haki ya kuuliza kama gari lilikuwa na hali ya kutembea.

dada_wa_madai

Hapo kwenye kadi, kaka Kibo: Noah lina jina lako? Magari mengi ya mkononi kadi bado ni ya muuzaji. Stika utapewa, lakini kwenye dai la wizi utaulizwa una haki gani na gari hilo. Maliza uhamisho TRA kwanza.

Na suala la Desemba. Noah lina viti, ndugu na majirani wataomba lifti na kuchangia nauli. Bima ya matumizi binafsi haihusiki na abiria wa kulipia. Hao wana daraja lake la biashara, ada yake inahesabiwa kwa viti. Ukipokea nauli halafu ajali ikatokea, abiria mmoja akieleza polisi kwamba alilipa elfu 40, dai lako liko mashakani. Beba familia. Uliza pia kwa maandishi kama waliokaa ndani ya gari lako wamo kwenye bima uliyopewa.

Ajali ikitokea, toa taarifa kwa kampuni mapema, usisubiri kurudi Dar. Polisi utahitaji fomu zao za ajali, PF90, PF93 na PF115, pamoja na mchoro wa eneo la ajali. Usikubali kosa wala kuahidi malipo pale barabarani, na usiruhusu gereji ianze kazi kabla kampuni haijaliona gari.

Kibo_Tabata

Kadi iko kwa jina langu. Nimeelewa, nauli sitachukua. La mwisho: tukiwa Rombo huwa tunavuka Tarakea kwenda Loitokitok kusalimia. Bima hii inafika huko?

Wakala_Kaskazini

Haifiki peke yake. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, inayokubalika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi na kwingineko. Inatolewa juu ya bima yako ya nyumbani, kwa hiyo bima ya ndani ikiisha nayo imeisha. Inaweza kukatwa kwa siku chache tu, na inalipa madhara kwa watu wengine, siyo bodi ya gari lako. Kama una bima kubwa, uliza kando kama ulinzi wa gari lenyewe unavuka mpaka, na wakuandikie.

Iombe Dar au Moshi siku mbili tatu kabla, ukiwa na kadi ya gari, leseni na tarehe za kuvuka. Malipo yote yaende akaunti ya kampuni, siyo namba ya simu ya mtu. Ukishalipa, ingia TIRA MIS, weka namba ya gari, uhakiki jina, aina ya bima, matumizi binafsi, na tarehe ya kuanza. Kama inaanza tarehe 20 na wewe unaondoka tarehe 19 alfajiri, rudi kwao warekebishe kabla hujawasha gari.