Kompresa ya kiyoyozi inanguruma kisha inakatika

Swali: Feni ya nje inazunguka vizuri, lakini kompresa inanguruma sekunde chache na kuzima. Baada ya dakika kadhaa inajaribu tena, hali ni ileile. Gesi imeisha?

Jibu 1: Usikimbilie gesi. Kwa dalili hizo, anza na kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota ya kompresa kuanza kuzunguka. Kinachoikata kompresa ni kinga yake dhidi ya joto na mkondo mkubwa. Zima swichi kuu, thibitisha kwa mita kwamba hakuna umeme, kisha toa chaji ya kapasita kwa rezista ya omu 20,000, wati 5, bila kugusa ncha kwa mkono. Tafadhali usitumie bisibisi! Cheche yake huunguza na huweza kuharibu kapasita. Pima hadi volti zikaribie 0. Piga picha ya nyaya, zichomoe, pima mikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita). Iliyoandikwa 35 ± 5% ikisoma 28, imekwisha. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile. Volti zake zisiwe chini ya za awali.

Jibu 2: Kapasita ikiwa nzima, pima ukinzani (omu) wa koili za mota ya kompresa, ila kompresa ipoe kwanza. Ikiwa ya moto, kinga ya ndani huwa imefunguka na koili husoma kama imekatika, na watu hutupa kompresa nzima kwa kosa hilo. Kipimo kati ya ncha ya kuanzia na ya kuendeshea kiwe jumla ya vile viwili vingine, yaani kati ya kila moja ya hizo na ncha ya pamoja. Ncha yoyote ikiwa na muunganiko na bodi ya chuma ya kompresa, usiiwashe tena.

Muuliza swali: Kapasita imesoma 9. Nabadilisha.