Tupeane uzoefu: kiti mwendo ufukweni, porini na mlimani

Kiti_Kazini (Dar)
Wakuu, habari za wikiendi. Likizo imekaribia, na kila mwaka mambo ni yale yale: familia inakwenda kuogelea, sisi wa viti mwendo tunaachiwa kulinda mikoba na viatu. Sijafungua uzi wa haki. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 ipo, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, kifungu cha 30, unataja mpaka burudani na michezo. Nataka mbinu. Ulikwenda wapi, kiti kilipitaje, ulijisaidia wapi.

Naanza na Coco Beach. Kinachokwamisha si yale magurudumu makubwa ya nyuma, ni vile viwili vidogo vya mbele. Vinazama kwenye mchanga mkavu, kiti kinainama, na mwenye kiti anatangulia kwa uso. Kwa hiyo usisukumwe, vutwa kinyumenyume. Anayevuta anakilaza kiti kidogo upande wake ili vile vidogo viwe hewani. Tairi za nyuma kama ni za upepo, punguza. Shemeji yangu fundi seremala alinikatia mbao mbili za plaiwudi: unapanda ya kwanza, ya pili inawekwa mbele yake, ya kwanza inahamishwa, mnakwenda hivyo hivyo. Ni polepole na watoto wa watu wanakusanyika kutazama, lakini unafika.

Mwana_wa_Ngalawa (Tanga)
Mkuu, plaiwudi ni kazi bure kama hujaangalia bamvua. Baba yangu alikatwa mguu kwa kisukari na bado kila mwezi lazima aione bahari, kwa hiyo haya nimeyafanya sana.

Mchanga mkavu wa juu ni mbaya siku zote. Mchanga ulioachwa na maji sasa hivi ni mgumu, kiti kinateleza kama kwenye sakafu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi mpevu, maji yanatoka mbali sana, na huku kwetu kupwa huangukia saa nne, saa tano asubuhi. Hapo unapata uwanja mpana. Siku za maji mafu bahari haitoki sana, unabaki na kipande chembamba. Kila siku kupwa kunachelewa kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo ukijua ya leo unajua ya kesho. Shida inabaki ile mita ishirini au thelathini ya mchanga mkavu kati ya gari na huko chini, na hapo ndipo plaiwudi ya Kiti_Kazini inapofaa.

Halafu angalieni muda wa kurudi. Maji yakianza kujaa hayamngojei mtu mwenye kiti.

Mkifika nyumbani osheni kiti kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hasa beringi, kisha grisi. Chumvi inakula chuma kimyakimya, mwezi ujao gurudumu linalia.

Pwani_Raha
Nafuatilia. Hili la bamvua sikuwahi kulifikiria kabisa.

Mama_Wawili (Morogoro)
Wanaume mmeongelea mchanga, hakuna aliyetaja choo 😂. Kwangu mimi choo ndicho kinachoamua safari. Binti yangu ana mgongo wazi na anatumia mpira wa mkojo kwa saa maalumu. Napiga simu kabla na siulizi "mna choo cha walemavu?", maana kila mtu anajibu ndiyo. Nauliza mlango una upana gani, nawaomba waupime kwa futi kamba. Kiti cha binti yangu kinataka sentimita 80. Nauliza pia kama kuna ngazi kabla ya mlango. Sehemu moja nilijibiwa "ipo ndogo tu mama", nikakuta tatu.

Lingine ni joto. Wenye jeraha la uti wa mgongo la juu, shingoni au juu ya kifua, mwili hautoki jasho vizuri chini ya jeraha. Mtu anapikika ndani bila dalili ya jasho. Chupa ya kunyunyizia maji na taulo mbichi shingoni zisikosekane. Na msimwache akae mkao mmoja; anyanyuke au ainamishwe mara kwa mara. Kidonda cha kukaa kinaanza siku moja na kupona ni miezi.

Mja_wa_Likoni (Mombasa)
Kina mama mmesema kweli. Huku kwetu tangu bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ifanyiwe ukarabati mwaka 2019 kuna njia ndefu ya kupita huku unatazama meli zikiingia mlango wa Kilindini. Ndugu yangu anajisukuma mwenyewe jioni, ananunua mihogo na madafu, anarudi. Raha si lazima uloweke miguu. Ila kushuka kwenye matatu ndiyo mtihani. Makanga akiona kiti cha magurudumu ghafla gari limejaa.

Mgumu_wa_Marangu (Moshi)
Salaam kutoka mlimani. Nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka mingi, na nawaambia mlima si mgeni na viti. Mwaka 2009 Mmarekani Chris Waddell, aliyepooza kuanzia kiunoni, alifika kileleni kwa baiskeli ya kuzungushwa kwa mikono. Kuna kipande cha mawe makubwa ambapo wagumu, yaani wapagazi, walimbeba.

Lakini hiyo ni ya wenye fedha na timu. Ninachotaka kuwaonyesha ni kile chombo tunachoshushia wagonjwa: machela yenye gurudumu moja katikati na springi, watu mbele na nyuma. Gurudumu moja linapita kwenye kijia ambacho mawili hayatoshi. Wafaransa wana kiti cha namna hiyo hiyo cha kutembelea milimani, Joëlette, kilichobuniwa 1987 na Joël Claudel kwa ajili ya mpwa wake mgonjwa wa misuli. Mafundi wetu wa kuchomelea wanashindwa nini? Gurudumu la pikipiki, bomba, kiti chenye mikanda. Msitu wa chini kule, na mbega juu ya miti, mtu angeufaidi bila kuota kilele.

Kiti_Kazini
Mkuu, ukipata fundi nitag. Niko tayari kuchangia bomba.

Simba_Mzee
Nyie mnahangaika na mchanga, nendeni mbugani. Hakuna anayeruhusiwa kushuka hovyo kwenye gari, wote mmekaa! Nilipelekwa Ngorongoro na Mikumi nikawa sawa na wenzangu wote. Kazi ni kupanda Landcruiser tu, kiti chake kiko juu. Dereva mwelewa anasimamisha gari kando ya tuta, gari likiwa chini kidogo, kisha ubao wa kuhamia. Omba siti ya mbele na uende na mto wako wa kukalia, barabara za vumbi zinapiga makalio.

Mama_Wawili
Asante Mzee, Mikumi iko jirani, tutajaribu Desemba. Sasa swali: kuna aliyepanda boti ya kisiwa cha Mbudya, huko Dar, na mtu wa kiti? Binti anaililia, na nasikia mnapandia majini.

Mwana_wa_Ngalawa
Dada, mnapandia majini kweli. Mpande maji yakiwa yamejaa, boti inasogea karibu na ukuta. Watu wawili, mmoja kwapani mmoja magotini, boya avae kabla hajainuliwa. Kiti kipite cha mwisho, na kifungwe kamba. Niambie tarehe nikuangalizie maji.