Kamusi inasema zote ni "kufikiri": naomba ushauri kuhusu vitenzi vya Kiingereza vya kuwaza

Katibu wa Mizabibu (Chamwino)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu hapa Chamwino, na kwa kuwa katika kikundi chetu ndimi peke yangu niliyemaliza kidato cha nne, kila kinachohitaji Kiingereza huniangukia mimi. Mwezi uliopita niliandika andiko la mradi la kuomba fedha za tanki la kuhifadhia mchuzi wa zabibu, yaani juisi yake iliyokamuliwa, maana mavuno yakifika na mnunuzi akachelewa, zabibu hazimsubiri mtu. Kikaoni tulikuwa tumesema kwamba "tunafikiria kujenga tanki la lita 10,000". Nikafungua kamusi yangu ndogo, nikakuta "think", "imagine", "consider", "suppose" na "conceive" zote zimepewa maana ya kufikiri au kudhani, nikachagua lililoonekana lina hadhi kuliko mengine, nikaandika: "We are imagining to build a tank." Mbele kidogo, mahali pa kusema kwamba tunatarajia kuvuna mara mbili kwa mwaka, nikaandika: "We suppose to harvest twice a year."

Majibu yalikuja kwa barua yenye heshima kubwa, ikiuliza mambo mawili: je, tanki hilo lina mchoro na makadirio ya gharama, au bado limo kichwani tu; na je, ni nani aliyetuagiza tuvune mara mbili? Nilipowasomea wenzangu, mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mweka hazina wetu hakucheka hata kidogo.

Tumepewa wiki mbili za kurekebisha. Naomba mnieleze ni kwa kanuni gani mtu huchagua kitenzi kimoja na kuacha kingine, kwa sababu kamusi imeniacha njia panda.

Mwalimu Mstaafu (Mpwapwa)

Ndugu Katibu, pole. Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu kosa lako halikuanzia kwenye Kiingereza, lilianzia kikaoni. Siku hizi "tunafikiria" tunalipachika kila mahali, ilhali lugha yetu imejaa vitenzi vinavyotenganisha mambo hayo waziwazi: kuwaza, kudhani, kukisia, kutafakari, kubuni, kunuia, kukusudia, kuazimia. Ukiniambia kwamba kikundi kimeazimia kujenga, nitakupa "intend" au "plan" bila kufungua kitabu. Ukisema bado mnapima kama mjenge au msijenge, nitakupa "consider". Ukisema mmefumba macho mkaliona tanki linang'aa juani, hapo ndipo "imagine" linapoingia, kwa kuwa neno hilo limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya picha au sanamu, na kinachopigiwa picha akilini si lazima kiwepo wala kije kuwepo. Msomaji wako alielewa hasa ulichoandika.

Kuhusu "suppose", hicho ni kitenzi cha mtu anayekubali jambo bila kuwa na ushahidi mkononi, yaani kukisia au kuchukulia kwamba ndivyo. Lakini kikija kwa umbo la kutendwa, "we are supposed to", maana hugeuka kabisa na kuwa "tunatakiwa" au "tunapaswa". Andiko lako lilikosa "are" na "-d" ya mwisho, msomaji akavijazia mwenyewe kwa hisani, ndiyo maana akauliza nani amewaagiza. Kutarajia ni "expect".

Jambo la mwisho, ambalo wanafunzi wangu walilikosea mwaka hadi mwaka: baada ya "consider" na baada ya "imagine" kitenzi kinachofuata huchukua "-ing", si "to". Husemwa "considering building", kamwe si "considering to build".

Dada wa Nkuhungu

Shikamoo Mwalimu. Naomba niongeze jambo moja linalotokana na sarufi yetu wenyewe. Katika Kiswahili "ninafikiri" hutosha kwa mtu anayetoa maoni na kwa mtu aliyejishika tama akiwaza muda huohuo, kwa sababu kiambishi "-na-" hubeba yote mawili. Kiingereza kimeyagawa. Ukitoa maoni unaandika "I think the price is fair", na ukiwa umo ndani ya kuwaza, au una jambo unalolipangapanga, unaandika "I am thinking of buying a pump". Sisi hutafsiri yote kwa "I am thinking that", na msomaji huona kwamba kuna kitu hakijakaa sawa hata kama maana anaipata. Halafu Kaka Katibu, wageni hao wakija kuwatembelea, angalia matamshi pia, kwani anayezoea kusema "selasini" badala ya "thelathini" atatamka "think" kama "sink", na atakuwa anawaambia wafadhili kwamba kikundi kinazama.

Mfugaji wa Bahi

Mimi si mwalimu, ila maneno haya nayapenda, na naona mnamnyima Katibu utamu wake. Kiingereza kina "ruminate", ambalo limetokana na kucheua kwa ng'ombe: mnyama amekula asubuhi, sasa amelala kivulini anairudisha nyasi mdomoni na kuitafuna upya taratibu, macho nusu yamefumbwa. Mtu anayeishi na ng'ombe haambiwi zaidi ya hapo kuhusu kutafakari. Kuna "ponder", ambalo asili yake ni kupima uzito, na kuna "brood", la kuku anayeatamia mayai, linalotumika kwa mtu aliyelalia wazo zito, mara nyingi la huzuni. Nalo "conceive" hushika mimba na hushika wazo kwa neno moja, jambo ambalo wengi huliona geni, ilhali sisi tunasema mimba imetunga na tunasema mtu ametunga hadithi. Kwa nini asiandike kwamba kikundi "conceived the idea" mwaka jana?

Mwalimu Mstaafu (Mpwapwa)

Ndugu Mfugaji, umenifurahisha, na hilo la kutunga nitalisimulia kwa wajukuu. "Conceived the idea" ni sahihi na linaweza kukaa katika historia ya kikundi. Hayo mengine ayaweke kwa ajili ya hadithi. Anayetoa fedha hataki kusoma kwamba wakulima wanacheua.

Mtafsiri wa Makole

Nakubaliana na Mwalimu kwa sehemu tu. Kunyoosha Kiswahili kwanza husaidia sana, lakini hakutoshi, kwani ipo mipaka ambayo lugha hizi mbili hazikuichora mahali pamoja. Sisi husema "naona tusubiri", na wengi huandika "I see we wait", wakati Mwingereza angesema "I think we should wait". Tunasema "nadhani hatakuja", naye hupenda kukanusha mwanzoni, "I don't think he will come", kama "sidhani kama atakuja". "I wonder whether" si kushangaa, ni kujiuliza. Nimeshaona barua ya kikazi ambamo mtu aliyekuwa anauliza kwa upole alitafsiriwa kuwa ameshangazwa, na mwandikiwa akakasirika.

Nije kwenye andiko lako, Ndugu Katibu. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mtu hapa analijua hilo. Kwa nini basi unaweka kitenzi cha kudhani au kutarajia mbele ya jambo lililo wazi? Andika "We harvest twice a year", uweke nukta.

Katibu wa Mizabibu (Chamwino)

Nawashukuru wote. Jana nilikwenda kikaoni na swali la Mwalimu: je, tumeazimia au bado tunapima? Nilidhani ni swali la dakika mbili, tukakaa mpaka jua likazama. Mwenyekiti alisema tumeazimia. Mweka hazina akafungua daftari, akatuonyesha kwamba hakuna mahali palipoandikwa uamuzi, na kwamba yeye tangu mwanzo alitaka tanki la lita 5,000 kwa sababu ya gharama za kulisafisha. Nikaelewa kwa nini siku ile hakucheka. Hatimaye tumepiga kura: tanki litajengwa, ila ukubwa utaamuliwa baada ya fundi kuleta makadirio. Nimeandika hivi:

"We intend to build one tank, and we are considering about two sizes, 5,000 and 10,000 litres. We harvest twice a year."

Dada wa Nkuhungu

Hongera, Kaka Katibu. Ondoa "about" baada ya "considering", kwa maana ukiiacha hapo atakayesoma atadhani hata idadi ya ukubwa wenyewe mnaikadiria. Kisha utume.